Ufunguo wa Jumba la Simu

Hapo zamani, enzi za simu za waya, mji wa Vumbani ulikuwa na jumba la simu. Ukitaka kuongea na ndugu yako wa mbali, uliingia pale, ukamkuta Bi Mashavu na nyaya zake. Alikuuliza: "Nikuunganishe na nani?" Akakuunganisha, kisha akatulia kimya kwenye waya na kusikiliza kila neno.

Simu za mkononi zikaja, jumba likafungwa. Bi Mashavu hakuwa na kwao pengine, akabaki chumba cha juu. Chini, Bwana Hemedi akaingiza mbuzi. Mji haukujali. Wapita njia walikojoa ukutani.

Diwani Mkwizu akalitaka eneo ajenge baa. Akawatuma vibarua: "Kabomoeni jumba la simu." Vibarua wenyewe vijana, simu kwao ni kitu cha mfukoni. Wakaenda wakabomoa duka la simu za mkononi, mali ya shemeji yake Diwani.

Diwani akaja mwenyewe na wakubwa wenzake na tingatinga. Bi Mashavu akasimama mlangoni.

"Bomoeni. Nami nitasema niliyoyasikia kwenye waya."

Kila mkubwa akakumbuka simu zake. Tingatinga likarudi lilikotoka.

Baadaye wageni wakaja na kamera, wakalisifu jumba. Basi Vumbani nzima, na mikojo yao, wakaanza kupenda urithi wao mchana uleule. Baraza likatangaza: aliyeliokoa jumba apewe ufunguo, wengine wahame.

Diwani akasema, bila haya: "Ningewaelekeza vizuri vibarua, leo wageni wangepiga picha kifusi."

Watu wakasema: "Kweli."

Hemedi akasema: "Paa lilipotoboka, maji yakashuka hadi chini, nani alipanda kutia mabati? Mimi. Mbuzi wangu hawapendi kulowa."

Watu wakasema: "Kweli."

Bi Mashavu akasema: "Mbele ya tingatinga nilisimama mimi. Na mkinitoa, sina pa kulala."

Mama mmoja akamjibu: "Ndoa yangu ilivunjwa na mdomo wako."

Watu wakasema: "Kweli." Neno lingine hawakuwa nalo.

Nyinyi msinijibu hivyo, nitawacheka. Mmoja aliliokoa kwa uzembe, mmoja kwa ajili ya mbuzi, mmoja kwa umbea. Je, nani alistahili? Ufunguo bado uko mezani, na bibi ameshafunga mizigo, anangoja. Haya, niuunganishe na nani?