Nyaya Zilizosubiriwa Zikomae

Ketini, ndugu zangu, mnisikilize vizuri, kwa maana mfano huu umeninyima raha juma zima.

Lilikuwapo kanisa moja lililonunua nyaya mpya za spika, nene kama kidole gumba, zimevishwa kitambaa kilichosokotwa. Muuzaji alimwambia mzee wa kanisa aliyezifuata dukani: “Sauti yake haiji mara moja. Waya mpya una ugumu. Upigishe muziki saa mia nne ulainike, ndipo utasikia kila herufi.”

Je, mzee aliuliza waya wa shaba unalainishwaje na nyimbo? Hakuuliza. Aliamini, tena kwa imani ambayo Bwana aliitafuta katika Israeli asiione!

Akamkabidhi fundi mitambo nyaya azifunge. Tangu Jumatatu iliyofuata, tenzi zilipigwa kanisani asubuhi hadi jioni. Akina mama wanaoomba pale kila Jumatano waliambiwa wakaombee nje, barazani.

Katika kanisa hilo alikuwamo bibi mmoja mjane. Sikio lake moja lilikwisha kufa, la pili lilikuwa likififia, naye alijua. Alitaka kitu kimoja tu: alisikie Neno wakati bado anaweza. Jumapili ya kwanza alimfuata yule mzee mlangoni.

“Mwanangu, leo sikupata hata neno.”

“Vumilia, mama. Nyaya bado changa.”

“Basi nikae benchi la mbele.”

“La mbele ni la wazee wa kanisa. Mama, unajua utaratibu wetu.”

“Basi nipe mtu wa kunisemea sikioni.”

“Mama nawe! Nyaya zikikomaa, utamsikia mchungaji hata akimeza mate.”

Waliokuwa karibu wakacheka. Bibi naye akacheka, kwa adabu, akaenda zake.

Jumapili ya tatu wazee walianza kunong’onezana: “Unasikia? Besi imefunguka.” Ya tano, kwaya ikashuhudia kwamba hawajawahi kuimba kwa sauti safi namna ile. Ya nane, saa mia nne zikiwa zimetimia, wakamwita fundi mbele ya kanisa apigiwe makofi. Fundi akaja na boksi kwapani.

“Nyaya zenu hizi hapa,” alisema. “Vichwa vyake havikuingia kwenye spika. Nilirudishia zile za zamani, nikaagiza vichwa vingine. Si nilikueleza, mzee?”

“Lini?”

“Siku ile ile. Ukaniambia ‘sawa, sawa,’ macho yako kwenye simu.”

Ndipo mtu mmoja akakumbuka kumtafuta yule bibi. Alikuwa nyuma kabisa, akitazama nyuso za watu ili ajue kama ni wakati wa kutabasamu. Jirani yake alimwita. Akamwita tena, kwa nguvu. Bibi hakugeuka.

Ndugu zangu, nina hasira, na sitaificha. Uzee ndio ulioliziba sikio lile, nakubali. Lakini majuma manane ya mwisho, ni nani aliyemnyang’anya? Muuzaji? Muuzaji hakuwahi hata kumwona! Ni sisi. Sisi tuliosifu besi ya nyaya zilizokuwa ndani ya boksi, tukamwona aliyenyimwa Neno kuwa msumbufu.

Bwana wetu alipoletewa kiziwi, alimwambia angoje? Alimtenga na makutano, akamtia vidole masikioni, papo hapo, kwa mikono yake mwenyewe. Nasi tunasemaje? Jengo likishaezekwa, tutawatembelea wagonjwa. Nikishakomaa kiroho, nitamsamehe ndugu yangu. Tutakomaa lini, enyi watu wa Mungu? Na hao tunaowangojesha, nani ametuahidi kwamba watakuwapo?

Nilikuwa nimeandaa kurasa tatu zaidi. Sitazisoma. Kila mmoja wenu anamjua mtu humu ndani ambaye hajasikia nilichosema, kwa sababu ya masikio, au lugha, au huzuni iliyomjaa. Inukeni, mwende kwake sasa hivi, mumweleze taratibu mpaka aelewe. Mimi nashuka madhabahuni. Wa kwangu nimeshamwona. Ibada itaendelea wa mwisho wao atakapokuwa amesikia.