Amplifaya Iliyovuka Mto

Wapendwa, kulikuwa na mpiga gitaa mmoja huko Rungwe, jina lake Andulile. Kwaya nzima ilitegemea vidole vyake. Naye alikuwa na amplifaya ya zamani, ile ya valvu, vitaa vya kioo ndani. Unaiwasha, unaisubiri ipate moto, ndipo inaimba. Na ikiimba! Sauti nene, yenye joto, mpaka mtu unafumba macho. Sitaisema vibaya hata kidogo. Mwenye masikio alijua hakuna kama ile.

Ila ilikuwa nzito. Wanaume wawili walioshiba ndio walioibeba. Na nyumbani haikumfaa: akiipunguza inapoteza utamu, akiipandisha mtoto wa jirani anaamka analia. Basi mkewe, Tusekile, akamnunulia ya kisasa, ndogo, ya kuchaji kama simu, unaitia mkobani unakwenda zako. Andulile akaitazama, akacheka. "Hii ni ya kujifunzia," akasema, akaipandisha juu ya kabati.

Masika yale mvua ikabeba daraja. Na ng'ambo ya mto alikuwako Mama Atuganile, mwimbaji wa kwaya hiyo miaka thelathini na ushee, sasa miguu imekataa, yuko kitandani. Akatuma neno: "Nina hamu ya kuimba nanyi, na gitaa likiwepo. Hata mara moja tu."

Wanakwaya wakasema twendeni, kuna magogo mawili yamelazwa, tutavuka. Andulile akagoma. Sanduku lake lingepitaje kwenye magogo? Na huko umeme haujafika.

"Siwezi kumpigia mama yule kwa kitu cha kuchezea," akasema.

Tusekile akamwuliza, "Baba Lusajo, mama amekuita wewe, au ameliita sanduku?"

Niambieni, ndugu zangu, wewe ungejibu nini hapo?

Andulile akaishusha ile ndogo kabatini, akaitia mkobani, akavuka mto juu ya magogo.

Walipofika, wakamwegemeza mama kwenye mito. Andulile aibu imemjaa. "Utanisamehe, mama. Ile yenye sauti yenyewe nimeshindwa kuileta."

Mama akamshika mkono. "Mwanangu, ile niliifuata mimi, nilipokuwa na miguu. Hii imenifuata."

Akaanzisha wimbo yeye mwenyewe! Gitaa likaingia, kwaya ikapokea. Majirani wakaacha kuchuma chai, wakajaa uani. Wimbo wa tatu, wanacheza. Wimbo wa tano, hata watu wa kilima cha pili wanaitikia! Na mama je? Anapiga makofi kitandani, kanga imemdondoka begani, wala hana habari. Andulile alipiga gitaa siku ile kama ambavyo hajawahi kupiga maishani, machozi yanamtiririka, anacheka.

Ile kubwa bado ipo, Jumapili inanguruma kanisani, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini sisi! Ni wagonjwa wangapi wanatungoja kwa sababu tulicho nacho tunakionea aibu? Unasema, sijui kuomba kama mchungaji. Unasema, nikipata gari nitakwenda kumwona shangazi. Nani amekudai gari? Shangazi ameulizia gari, au amekuulizia wewe?

Basi leo hii, ukitoka hapa, kabla hujaenda kula, nenda kwa mtu wako. Na ukifika, usianze kuomba radhi. Imba!