Somo wa Mtoto Aliyelamba Piko

Shikeni watoto wenu, wapakateni kabisa, ndipo niwasimulie.

Palikuwa na ndugu watatu wa kike, tumbo moja, wivu mmoja. Raya alipewa macho: uzi wa leso yako ukifumuka, keshauona. Batuli alipewa mbio. Mwanahawa alipewa kuficha. Akifunga kitu pindoni, hukipati mpaka apende mwenyewe. Wifi yao Swafiya alikuwa na mtoto mmoja tu, Nabila, ndiyo kwanza anatembea.

Ikaja harusi ya jirani. Hina peke yake huacha wekundu, nao walitaka weusi, tena kila mmoja weusi wa kumshinda mwenzake. Mwanahawa akaleta unga wa kutia nywele weusi, akauchanganya na hina, ikawa piko.

"Pakiti i wapi, dada?" Batuli akauliza.

"Ya nini? Ukanunue unishinde?" Akaifunga pindoni.

Wakapakana, kikombe cha piko wakakiacha sakafuni.

Raya, kwa kuuchungulia mkono wa Batuli, akamwona Nabila nyuma yake, mdomo mweusi. "Ule weusi si wa ukwaju! Kalamba piko!" Ulimi umeshaanza kuvimba. Swafiya akatoka jikoni, akalia, akaapa: "Atakayeniokolea mwanangu ndiye somo wake! Atamfunda akivunja ungo, atamshika mkono akiolewa!" Na somo ni mmoja, mnajua.

Batuli, asije Raya akaupata usomo, akamnyakua mtoto, mbio, peku, mkono wake uliopakwa unawasha, unatoka malengelenge, hata hospitali.

"Kala nini?" daktari akauliza.

"Hina."

"Hina haifungi koo hivi!"

Mwanahawa akaingia anahema. Pakiti aliyowanyima wenzake akaifungua pindoni, akampa daktari. Daktari akasoma, akajua: dawa ile ya nywele ikimezwa huziba koo, huharibu figo. Akapitisha mpira wa kupumulia kooni, pumzi ikarudi, figo zikalindwa. Nabila akapona.

"Bila macho yangu mngemkuta maiti," Raya akasema.

"Macho yana miguu?" Batuli akamjibu.

"Bila pakiti yangu daktari angetibu hina, mashoga zangu," akasema Mwanahawa.

"Nyamaza, mleta sumu!" wenzake wakamkemea.

"Na mikono mliyoninyooshea nipake, ilikuwa ya nani?"

Swafiya amemkumbatia mwanawe, kiapo kimeshatoka, na mikono mitatu imemnyookea, bado myeusi. Nanyi mnaonisikiliza, wanenu wamo mapajani: mngemkabidhi nani?