Mkaja wa Bi Sihaba

Nisikilizeni vizuri, maana mwisho nitauliza swali, na atakayenijibu "sijui" nitamwambia abebe kigoda chake aende.

Hapo zamani, zamani ile ambayo bibi zetu waliishika kwa mkono, palikuwa na mji uitwao Mtakuja, na katika mji huo alikaa mjane mmoja, Bi Sihaba. Alikuwa mwanamke hodari. Alisuka mikeka, alilima mpunga wake, akamlea binti yake wa pekee, Mwanamize, bila kugonga mlango wa mtu. Hakuogopa nyoka, hakuogopa giza. Kisha siku moja ya gulio, amesimama kwenye kibanda cha chumvi, watu wamejaa huku na huku, kikamjia kitu.

Hakukijua ni kitu gani. Moyo ulimwenda mbio kama anayefukuzwa, na hakuna aliyemfukuza. Kifua kikabana. Vidole vikaingia ganzi, jasho jembamba likamtoka, sauti za watu zikawa mbali kisha zikawa karibu mno. Akasema moyoni: nakufa, nakufa hapa mbele ya chumvi, na mtoto nimemwacha na chungu motoni. Akaikumbatia nguzo ya kibanda, akakaa chini.

Sasa, watu wa Mtakuja walikuwa na jibu moja tu kwa mtu anayekaa chini hovyo mbele za watu.

"Kapandisha!" akapiga kelele mwuza chumvi.

Maana yake pepo kampanda kichwani. Na pepo akishapanda, haulizwi mtu, anaulizwa pepo. Wakamzunguka. Udi ukaletwa, ukafukizwa puani pake, na yeye maskini hewa anaitafuta haioni.

"Sema! Wewe nani?"

"Sihaba."

"Sihaba tunamjua. Tunakuuliza wewe uliyempanda!"

"Ndiye mimi, Sihaba!"

"Huyu mkaidi. Ongezeni udi. Haya, unataka nini?"

"Nataka kwenda kwetu!"

"Kwenu wapi? Baharini au msituni?"

"Nyuma ya msikiti!"

Watu wakarudi nyuma wakitazamana. Pepo wa nyuma ya msikiti walikuwa hawajapata kumsikia. Tangu siku ile wapo waliokikwepa kichochoro cha huko, na wewe unayecheka huko nyuma, ungekuwepo ungekikwepa na wewe. Bi Sihaba akainuka, akapita humo humo kwenda nyumbani, analia. Hakujua alikuwa na nini. Hakujua kama kimekwisha. Hakujua kwa nini aulizwe jina lake na watu aliocheza nao kombolela utotoni.

Kikamjia tena msibani. Kikamjia tena kisimani. Basi akaacha gulio, akaacha kisima, na mwisho akaacha hata misiba, na mtu asiyekwenda misibani mnajua anavyosemwa. Alishinda ndani na mikeka yake. Akisikia tu vishindo vya watu wengi njiani, mkono ulikwenda kifuani wenyewe.

Ndipo Mwanamize akaletewa posa. Kijana mzuri, ukoo mzuri, Mwanamize anamtaka mpaka usingizi umempaa. Mama mtu alipaswa kufurahi, na alifurahi, lakini usiku alikaa kitandani ameshika magoti, kwa sababu ya mkaja.

Mkaja ni nguo. Mwanamke akijifungua hufungwa mkaja tumboni, ili mwili uliolegea ushikane. Ndiyo maana binti anapoolewa, upande wa mume humletea mama yake mkaja, kumwambia kwamba tumbo lililozaa wameliona. Baba ana kilemba chake na mjomba ana chake, lakini mkaja haupokelewi kwa niaba. Kule Mtakuja mama alitoka mwenyewe, akasimama katikati ya uwanja mbele ya pande zote mbili, akanyoosha mikono akasema, "Nimepokea, nimeridhia." Mama asipotoka, mkaja hurudi ulikotoka, na binti hubaki kwao.

Jirani yake Kazija ndiye aliyemwambia ukweli. Kazija alikuwa mtwangaji wa mpunga, mikono mikubwa, maneno machache, hakujaliwa mtoto.

"Shoga, mkaja utaupokelea wapi? Jikoni?"

"Kazija, kitanijia. Mbele ya wakwe. Nitakufa mbele ya wakwe."

"Kimekujia mara ngapi?"

"Sihesabu tena."

"Na umekufa mara ngapi?"

Jambo hilo Bi Sihaba hakuwa amelifikiria.

Tangu hapo Kazija akawa anamtoa kila asubuhi. Siku ya kwanza waliishia kizingitini. Baadaye wakafika kwenye kona, baadaye kisimani, baadaye pembeni ya gulio. Kikija, Kazija hakumshika wala hakumfukizia. Alimwambia, "Usikikimbie. Vuta pumzi mchi unapopanda, iachie mchi unaposhuka. Kaa nacho mpaka kichoke." Naye alipiga kofi polepole pajani, tu, tu, kama mchi kinuni. Na kweli, kilikuwa kinachoka. Siku nyingine upesi, siku nyingine baada ya machozi.

Siku ya harusi ikafika. Uwanja ulijaa mpaka watoto walikaa juu ya ukuta. Upande wa bwana harusi ulikuwa katikati, na mbele yao amesimama Bi Raya, mama wa kijana, mwanamke mzito wa heshima, amebeba mkaja kwenye sinia. Kazija alikuwa uani nyuma ya nyumba, kwenye masufuria. Bi Sihaba akatoka mlangoni, amejitanda, amejitia manukato, anatabasamu. Alipofika kwenye mtungi wa maji uliowekwa pembeni ya uwanja, macho yote yakamgeukia kwa pamoja.

Kikaja.

Kikaja kikubwa kuliko cha kwenye chumvi. Akakaa chini kando ya mtungi, na mtu akasema lile neno: "Kapandisha!" Udi ulikuwepo tayari, si harusi? Wakaanza kuja nao. Upande wa bwana harusi mzee mmoja akasema kwa sauti, "Pepo hizi hurithiwa. Jamani, turudi na mkaja wetu." Ndani, nyuma ya pazia, Mwanamize akayasikia maneno hayo.

Bi Sihaba naye aliyasikia. Akapiga ukelele, na ukelele ule wengi waliusikia: "Atakayenitoa hapa, mkaja huu ni wake! Wallahi, ni wake!"

Mambo matatu yakatokea, na hapa ndipo wasimulizi wenzangu wanapogombana nani alitangulia. Mimi nasema yalitokea pamoja.

Kitwana, binamu yake Bi Sihaba, mtani wake tangu utotoni, mtu wa kumwita "mchumba wangu uliyenikataa" hata mbele ya marehemu mumewe, huyo Kitwana alijitupa chini upande wa pili wa uwanja. Akabiringika. Akakoroma. Akasema kwa sauti nzito, "Mimi ndiye wa nyuma ya msikiti! Huyo mwanamke mwacheni, nimemhama!" Watu wote, na udi wao, wakamkimbilia yeye. Na katika hao wote alikuwamo baba wa msichana ambaye Kitwana alikuwa amemposa.

Kazija naye kule uani alisikia kelele, akataka kukimbia uwanjani, akajizuia. Akakiendea kinu. Mpunga ulikuwa umekwisha kutwangwa, kinu kitupu, na kutwanga kinu kitupu siku ya harusi ni mkosi kwa mtwangaji, kila mwanamke wa Mtakuja alilijua hilo. Akatwanga. Polepole, tu, tu, ukuta mzima ukawa unatikisika.

Na Bi Raya, mwanamke wa heshima, ambaye watu wake walikuwa wanamvuta kanga waondoke, aliweka sinia chini. Akatembea mpaka kwenye mtungi. Akakaa mavumbini na nguo zake za harusi, karibu na Bi Sihaba, bila kumgusa, bila kumuuliza jina. Akasema, "Sina haraka, dada. Mkaja utakungoja." Mwenye kuoza kijana hakai mavumbini kando ya mwenye kuozesha binti. Kwao hilo ni kujidhalilisha, na dada zake hawakumsamehe.

Bi Sihaba akavuta pumzi. Akaiachia. Akavuta tena. Hajui alikaa pale kwa muda gani. Kisha akanyanyuka, akakung'uta vumbi, akatembea mpaka katikati ya uwanja, akanyoosha mikono.

"Nimepokea," akasema. "Nimeridhia."

Vigelegele! Mwanamize akaolewa, pilau likaliwa, na Kitwana akalazimishwa kunywa kikombe cha kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, kumtoa pepo.

Mngedhani imekwisha. Lakini Bi Sihaba alikuwa ameapa, na kiapo kilisikika. Mkaja haukatwi vipande, maana mkaja uliokatwa haufungi kitu. Basi akawaita nyumbani kwake.

Kitwana alisema: "Mtani, mimi sipendi makuu, lakini utazame. Wangekufukizia ule udi ungekuwa hapo mpaka leo unaulizwa jina lako. Nimekutoa midomoni mwao nikajiingiza mimi. Mchumba wangu baba yake kamrudisha ndani, kasema hampi binti mtu wa mapepo. Wewe umeoza, mimi nimekosa kuoa. Watoto wananiita Nyuma-ya-Msikiti. Hata kama mwanamume hafungi mkaja, nipe, nitamwonyesha yule baba kwamba ilikuwa ni mchezo wa kukuokoa."

Alisema hivyo anacheka, kisha akaacha kucheka.

Kazija alisema: "Yeye alikuondolea watu. Watu hawakuwa ndio ugonjwa. Kitu kilikuwa ndani yako, na kukikalia nilikufundisha mimi, asubuhi kwa asubuhi, umande unatulowesha. Siku yenyewe nikatwanga kinu kitupu. Mkosi huo ni wangu, nauishi. Sina mtoto, shoga, na watu watasema mwanamke asiyezaa anataka mkaja wa nini. Naam, nautaka."

Bi Raya hakutaka kusema. Walimbembeleza. Mwisho akasema: "Wao walikusaidia uinuke. Lakini ungekuta mkaja umeondoka, ungesimama upokee nini? Watu wangu walikuwa wamekwisha kugeuka. Mimi ndiye niliyebaki, nikakaa mavumbini, na mpaka leo dada zangu hawali nami sinia moja. Ila nawaambia pia tatizo: mkaja ukirudi mikononi mwangu, kwa desturi ni kwamba mama wa binti amekataa ndoa. Ukinipa haki yangu, umeninyang'anya mkwe wangu."

Bi Sihaba akawatazama wote watatu. Aliwapenda wote watatu, na alichanganyikiwa kabisa.

"Nikisema kweli," akasema, "vumbi la uwanja nililiona likihamia upande wa pili. Kinu nilikisikia. Harufu ya marashi ya Bi Raya naikumbuka. Lakini sijui kama kinu kilinituliza, au nilikuwa nimekwisha anza kutulia ndipo nikakisikia. Sijui. Nilikuwa mle ndani peke yangu, na hata mimi sijui."

Mwanamize, aliyekuwa amekaa mlangoni, akasema: "Mama, hukutolewa na mtu. Hiki kitu hupita, wewe mwenyewe umeniambia. Na aliyenyanyuka akatembea ni wewe. Mkaja ni wako."

"Mwanangu, nikibaki nao mimi, kiapo changu kitakuwa cha nini? Nimewalia wenzangu jasho lao?"

Wakaachana hivyo. Mkaja ukakunjwa, ukawekwa sandukuni, haukufungwa na mtu.

Sasa Mwanamize amerudi kwa mama yake kuzaa mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo ada. Amezaa asubuhi ya leo, siku ya gulio, mtoto wa kike, analia mpaka mtaa wa pili. Mwili wake umelegea na unangoja kufungwa. Na mkaja aliopewa mama ndio humfunga binti, na anayeumiliki ndiye anayeufunga. Watu wamejaa uwanjani wakitoka sokoni, wamekuja kuona. Kazija amesimama hapo, na mikono yake mikubwa. Bi Raya amekuja kumwona mjukuu. Kitwana ameegemea ukuta.

Bi Sihaba katoka mlangoni na mkaja mikononi. Kafika kwenye mtungi wa maji. Macho yote yamemgeukia. Vidole vimeanza kuingia ganzi, na kule nyuma mtu mmoja amekwisha fungua mdomo kusema lile neno.

Mimi nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, na kila mara nabadili upande. Leo semeni nyinyi, tena semeni upesi, anawangoja na pumzi ameibana: katika hao, nani alistahili mkaja?