Kwa Nini Mwili Huwaka Homa

Sogeeni, wajukuu zangu. Wewe Sauda mwenye homa, lala hapa mapajani, maana habari hii ni yako.

Zamani mwili wa mtu haukujua homa. Ulikuwa mji wa nyumba ndogondogo, hizo ambazo waliosoma huziita seli. Kila nyumba ilikuwa na kasha la kanga chumba cha ndani, na makasha yote yalifanana, kanga kwa kanga. Lakini hakuna aliyezitoa zote. Ukijifunga ya kupika, unapika. Ya kushona, unashona. Nyingine zinabaki zimekunjwa. Wa mtaa wa ini walikuwa na zao, wa ngozi zao, na ukitazama kamba ya kuanikia tu ulijua humo ndani kunafanyika nini. Chini kabisa ya kasha ilikaa doti nyekundu. Ikianikwa hiyo, majirani hufunga milango na walinzi huja mbio.

Siku moja akapita Kirusi, yule mleta maradhi. Hana nyumba, hana kasha, hana hata sufuria. Ana kibunda kimoja kwapani. Lakini ulimi anao. Alibisha kwa Bi Shemsa, mjane mkarimu wa mtaa wa koo, akajifanya ndugu wa marehemu mumewe, akakaribishwa. Hajamaliza maji ya kunywa, keshaingia chumba cha ndani. Doti nyekundu akaikunja, akaikalia. Akamfunga Bi Shemsa kanga ya kupika na ya kushona kwa pamoja, na kila kilichotoka mikononi mwa maskini yule kikawa mtoto mwingine wa Kirusi. Miye sijapata kusikia mwizi hodari kama huyu. Hakuiba hata uzi. Alichagua tu ipi ifunguliwe na ipi ikunjwe.

Ili asishukiwe, akaanika kanga za kila siku. Walinzi wakapita, wakaona kamba imejaa, wakaenda zao.

Ila mwanamume ni mwanamume. Jirani Bi Mwanakombo, ambaye hakuna lililompita pale mtaani, aliona kanga ni moja moja, hakuna yenye mwenzake. Akawaambia wenziwe madirishani kwamba Shemsa hajatenganisha doti tangu aolewe, basi aliyeanika si yeye. Wakacheka. Kisha wakaitazama tena ile kamba. Umbea ukaenda nyumba hadi nyumba, na kila nyumba uliyofika ikaanika nyekundu yake.

Mwanakombo akasogea mlangoni. "Shemsa, shoga yangu, una mgeni?"

"Ninaye. Na watoto wake wamejaa mpaka darini. Wakitoka humu mmekwisha. Usinifungulie, Mwanakombo. Washeni majiko, huyu hawezi joto."

"Na wewe je?"

"Mimi nawasha langu kwanza."

Mji mzima ukawasha majiko kwa pamoja. Nyumba ya Bi Shemsa ikateketea, yeye na mgeni wake na wale watoto wote. Walinzi walipofika, kazi iliyobaki ni kufagia majivu.

Na tangu siku hiyo, mwili ukiingiwa na mgeni wa namna ile, huwaka. Anayesema umbea hauna faida aulize ni nani aliyeuokoa mji. Hilo joto la kipaji cha uso wako, Sauda, ni wale wanawake, wameshaiona kamba. Kunywa maji, mama. Wamesimama jikoni kwa ajili yako tangu asubuhi.