Moshi Nyuma ya Ghala

Tajiri Kisebengo alishusha bandarini shehena ya mbao kutoka ng'ambo, nyingine zikapangwa nyuma ya ghala, akamwita mkaguzi, Mwanahija, mbele ya wanunuzi na askari wa zamu.

"Gonga muhuri, binti. Karatasi zinasema ni paina ya shambani. Ukikataa, kesho kazi huna!"

Mwanahija alikwangua ubao mmoja. Ndani ulikuwa mwekundu. Alijua paina huwa nyeupe, lakini akaimeza hasira yake.

"Karatasi nimeziamini, tajiri. Ila pole sana. Paina ikiwa nyekundu hivi ina ugonjwa, huchomwa moto yote."

"Nani atachoma mali yangu?"

"Mbona tumeshaanza na zile za nyuma ya ghala? Husikii harufu ya moshi?"

Kisebengo alinusa, akashika kichwa. "Zimeni! Mna wazimu? Hiyo ni mninga halisi! Nimehonga walinzi wa hifadhi nzima kuikata, nyinyi mnaichoma?"

Wanunuzi wakatazamana. Askari akamkamata Kisebengo mkono.

Walipompitisha nyuma ya ghala, mbao zake zilikuwa zimepangwa vilevile, hata moja haijaguswa. Kando yazo mama lishe alikuwa akipuliza kuni chini ya sufuria.

"Karibu maharage, tajiri," alisema Mwanahija. "Yamekaribia kuiva."