Hodi Chini ya Jiwe

Paukwa!
Pakawa!
Walio nyuma sijawasikia. Paukwa!
Pakawaaa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kijito. Wanyama wote walikunywa hapo, lakini hakuna aliyekunywa kabla Kaa hajapiga hodi. Kaa aligonga jiwe, ko ko ko!

"Hodi, wa chini ya jiwe! Mpo?"

"Tupo!" vidudu vya mikia mitatu vilijibu, vikicheza viru viru viru. Vidudu hivyo haviishi kwenye maji machafu. Vikiwapo, wanyama hunywa.

Siku moja Kaa akagonga. Ko ko ko! Kimya. Akagonga tena. Kimya. Akageuza jiwe. Lo! Kidudu cha mikia mitatu hakimo hata kimoja. Ruba tu na funza wekundu, wamejaa tele.

"Leo hanywi mtu hapa," Kaa akasema.

Ngiri akacheka, hi hi hi! "Wee mtembea upande! Maji yanang'aa hivi, unaniletea habari za wadudu?"

"Yang'ae yasing'ae, wenyeji wamehama."

Mama Paa alikuja na mwanawe, ulimi umemkauka. "Kaka Kaa, mwanangu atakufa kwa kiu."

"Njooni, dada." Kaa akaenda shimoni mwake, mbali na kijito. Akachimba, akachimba. Maji yakatoka mchangani, to, to, to. Mtoto akanywa yote. Kaa mwenyewe hakujibakizia hata tone.

Ngiri akanywa kijitoni, gu gu gu! Hakufika mbali. Tumbo likalia, ngurrr! Mkia juu, mbio hadi kichakani, kule kijito kinakoanzia. Prrrr! Kaa akamfuata upande upande, akamjulie hali. Alipofika, akaziba pua ambayo hata hana.

"Ngiri! Kumbe choo chako kiko hapa?"

"Pana upepo mzuri," Ngiri akajibu, macho chini.

"Basi leo umekunywa chako mwenyewe!"

Wanyama waliposikia, wakacheka hadi wakagaragara. Mama Paa naye alicheka, lakini akamletea Ngiri majani ya kutuliza tumbo, akamfuta jasho. Ngiri akaona haya. Alipopona, alifagia kichaka chote, akachimba choo kipya ng'ambo ya kilima.

Mvua ikanyesha. Siku zikapita. Ko ko ko! "Mpo?" Kimya. Ngiri akasimama, roho mkononi. Ko ko ko!

"Tupooo!"

Ngiri aliruka kuliko wote, akaanguka majini, chubwi!

Basi wanangu, na ninyi wakubwa: maji yanayong'aa huweza kudanganya, waulizeni wadogo waishio humo. Na ukichafua juu, utakunywa chini.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya jiwe. Ukipita, piga hodi.